Walileta samli, kipimo wakakiacha India

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta shangazi yangu kibarazani kwake, Tanga, chupa ya samli mapajani na kijiko cha kulia wali mkononi. Samli yenyewe ilikuwa ya njano iliyokolea, imeganda punjepunje kama asali ya zamani. Alichota, akameza, akafumba macho, akateremshia maji ya moto. Akachota tena.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Usinikodolee macho hivyo, hii ni dawa. Vijiko vitatu kabla sijatia kitu tumboni. Magoti yatalainika, choo kitapita vizuri, na kichwa kitatulia."

"Nani kakwambia?"

"Aliyeniuzia. Wahindi wanakunywa miaka elfu tano. Ingekuwa inaua, si wangekwisha?"

Shangazi ana miaka 67. Mwili wake mzito, presha anayo, na vidonge vya sukari anameza kila siku. Niliichukua ile chupa nikaigeuza. Palikuwa na picha ya ng'ombe, jani la kijani, na neno Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji. Kipimo hapakuwa nacho. Wala hapakuwa na neno hata moja juu ya nani anywe na nani asinywe.

Sikubishana naye siku ile, maana mtu mzima hapokonywi kitu mkononi. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma Wahindi hao wa kale waliandika nini hasa. Niliyoyakuta ndiyo yanayonifanya niandike leo: vitabu vya Ayurveda vyenyewe ndivyo vingekuwa vya kwanza kumwondolea shangazi kijiko kile.

Mabishano yetu kuhusu samli yamekaa vibaya. Upande mmoja wako wanaoiuza kama dawa ya kila ugonjwa na kila mtu. Upande wa pili wako wanaoicheka Ayurveda nzima na kusema ni ushirikina wa watu waliopenda mafuta. Wote wawili wanazungumzia samli isiyo na kipimo. Samli ya Ayurveda haikuwa hivyo. Ilikuwa na mtu wake, msimu wake, saa yake, kiasi chake na siku ya kuachwa. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki ni mafuta ya maziwa ndani ya chupa, na neno la Kisanskriti juu ya kibandiko.

Tuanze na kitabu chenyewe. Misingi ya Ayurveda imeandikwa katika mikusanyo mikubwa ya Kisanskriti, na unaotajwa zaidi katika tiba ya ndani ni ule wa Charaka, mganga wa kale, wenye umri wa karibu miaka 2,000. (Ile elfu tano ya muuzaji ni ya muuzaji.) Katika sehemu yake ya kwanza kuna sura nzima, ya 13, inayohusu mafuta tu. Humo mafuta makuu ni manne: samli, mafuta ya ufuta, mafuta ya nyama na uboho wa mifupa. Samli ndiyo inayopewa kiti cha mbele, na sababu inayotolewa ni ya kuvutia sana. Siyo kwamba ina nguvu kuliko mengine. Ni kwamba inapokea sifa ya kitu unachokipika ndani yake bila kupoteza sifa yake yenyewe. Nitalirudia hilo, kwa kuwa naliona ndilo jambo la akili kuliko yote waliyoyasema kuhusu samli.

Kisha yanafuata masharti. Samli hunywewa majira ya baada ya masika, jua linaporudi kuwa kali na mwili, kwa hesabu yao, umejaa pita, yaani ule moto wa mwilini unaopandisha nyongo na hasira. Mafuta ya ufuta yana msimu wake wa mvua. Mafuta ya nyama na uboho, msimu wake ni kabla ya joto kali. Baada ya samli unywe maji ya moto. Baada ya mafuta ya ufuta unywe mchuzi wa nafaka za kunde. Baridi ikizidi usinywe, joto likizidi usinywe.

Kiasi nacho hakikupimwa kwa kijiko. Kilipimwa kwa tumbo. Dozi ndogo ni ile inayosagika kwa nusu siku, ya kati inasagika kwa siku nzima, na kubwa inachukua mchana na usiku. Hebu fikiria maana yake. Mganga hawezi kukupa dozi kabla hajajua moto wa tumbo lako, wanaouita agni, una nguvu kiasi gani. Watu wawili wanaweza kupewa vipimo viwili tofauti kabisa kwa jina lilelile la dozi. Huu ni utaratibu unaomlazimisha mganga kumtazama mgonjwa kwanza, na chupa iliyopangwa dukani haiwezi kumtazama mtu.

Halafu orodha ya watu. Samli inawafaa wazee, watoto, waliokonda, waliodhoofika, waliojeruhiwa kwa silaha au kuungua kwa moto, wanaotaka macho mazuri, sauti nzuri na kumbukumbu. Ukisoma mpaka hapo utasema shangazi yumo, si mzee? Endelea mistari michache. Mwenye mwili mzito, mwenye kafa iliyozidi, yaani ule ute na uzito wa mwilini, na unene uliomshukia shingoni na tumboni, huyo hapelekwi kwenye samli. Anapelekwa kwenye mafuta ya ufuta. Na wapo wasiotakiwa kunywa mafuta ya aina yoyote: mwenye tumbo dhaifu, mjamzito, anayetapika, aliyechukia chakula, mwenye kiu isiyokatika. Maandishi yapo, hayakufichwa. Aliyemuuzia shangazi chupa ile aliruka ukurasa.

Najua jibu la wauzaji, maana nimelisikia na lina uzito. Watasema Charaka huyohuyo anasifu matumizi ya kila siku ya maziwa na samli kuwa ndiyo bora katika vitu vya kurefusha ujana. Ni kweli, sentensi hiyo ipo. Lakini inazungumzia samli ndani ya chakula cha mtu mzima wa afya, mwenye agni imara, anayeishi kwa utaratibu mzima uliopangwa kuanzia saa ya kuamka. Huwezi kuchukua sentensi ya sura ya 25 ukaificha sura ya 13. Daktari wa leo akifanya hivyo kwa karatasi ya dawa tutasema amedanganya.

Kuna namna nyingine ambayo samli hunywewa tumboni tupu, asubuhi, kwa kiasi kinachoongezeka, na hapa ndipo nadhani mazoea ya shangazi yalipotokea kabla hayajapotea njia. Inaitwa kunywa mafuta kwa maandalizi ya panchakarma, yaani zile tiba tano za kusafisha mwili. Mgonjwa huanza na kiasi kidogo, huongezewa kila siku huku mganga akisubiri dalili: ngozi kulainika, choo kuwa na mafuta, mtu kuanza kuichukia samli yenyewe. Hapo husimamishwa. Hudumu siku 3 hadi 7 na si zaidi, na hoja ya kuishia hapo inaeleweka hata na asiyeamini lolote katika mfumo wao: baada ya siku 7 mwili umezoea, na kilichozoeleka hakifanyi tena kazi ya dawa. Ikishatimia hiyo, mgonjwa hutolewa jasho, kisha hutapishwa au huharishwa kwa dawa. Samli ilikuwa hatua ya kulainisha uchafu ili utoke. Kunywa samli kila asubuhi mwaka mzima bila hatua zinazofuata ni sawa na kuloweka nguo kwenye beseni la sabuni usizifue wala usizisuuze, halafu usifiwe kwa usafi.

Sasa nirudi kwenye lile la samli kupokea sifa ya kilichopikwa ndani yake, maana hapa ndipo ninapowavulia kofia wazee wale.

Marehemu bibi yangu mzaa mama hakujua Ayurveda, ila samli aliijua. Alisuka maziwa ya mgando kwenye kibuyu mpaka siagi ikajitenga, akaiosha kwa maji baridi mara mbili tatu, akaiweka kwenye sufuria juu ya makaa machache. Mwanzoni inapiga kelele: inatoa povu jeupe, inarukaruka, ni maji yanatoka. Bibi hakuwa akitazama sana, alikuwa akisikiliza. Kelele zikipungua alisogea. Sauti ikibaki ya kunong'ona, harufu ikageuka kuwa kama ya karanga zinazokaangwa, na chini ya sufuria mabaki yakawa ya kahawia, aliipua papo hapo. Dakika moja mbele, imeungua. Dakika moja nyuma, ina maji na itachacha. Sisi watoto tulikuwa tukigombea yale mabaki ya kahawia, tunayachanganya na sukari.

Wapishi wa dawa wa India wana mtihani unaofanana na huo, tofauti ni kwamba wao waliuandika. Samli ya dawa hupikwa kwa hesabu: sehemu 1 ya majani au mizizi iliyotwangwa, sehemu 4 za samli, sehemu 16 za maji au maji ya mitishamba iliyochemshwa. Huchemshwa taratibu mpaka maji yote yaishe. Utajuaje yameisha? Chukua yale makapi ya dawa, yasokote vidoleni: yakikubali kuwa utambi bila kunata, iko tayari. Utambi huo uutupe motoni: ukilia, bado kuna maji, ukiwaka kimya, ipua. Na povu la samli hutulia inapoiva, wakati povu la mafuta ya ufuta huinuka. Mtu aliyeandika maneno hayo alikaa jikoni muda mrefu.

Kwa njia hiyo wana samli ya mmea wa brahmi kwa kumbukumbu, samli ya trifala, ile ya matunda matatu, kwa macho, na samli ya vitu vitano vichungu kwa ngozi. Katika hivyo vitano kuna mti tunaoujua sote: mwarobaini. Sisi tunauchemsha kwa maji, tunameza uchungu wake huku tumeshika pua. Wao waliupika ndani ya samli.

Ukiuliza kwa nini, elimu ya leo ina sehemu ya jibu. Vitu vingi vya mimea haviyeyuki kwenye maji, vinayeyuka kwenye mafuta. Vitamini A, D, E na K hupenya utumbo zikiwa zimebebwa na mafuta. Rangi ya manjano inayotia umaarufu binzari haitaki maji kabisa. Kwa hiyo kumpa mgonjwa mmea ndani ya mafuta, badala ya ndani ya chai, ni uamuzi wenye mantiki ya kikemia, hata kama aliyeufanya alieleza kwa lugha ya vata, yaani upepo wa mwilini, na pita. Haithibitishi kwamba samli ya brahmi inarudisha kumbukumbu. Inathibitisha kwamba walijua samli ni gari. Nasi tumelinunua gari likiwa tupu tukasema tumepata mzigo.

Ngozi nayo ina samli yake, na hii naipenda kwa uvumilivu wake. Samli huwekwa kwenye chombo cha shaba, hutiwa maji, hukorogwa kwa mkono, maji humwagwa, hutiwa mengine. Mara 100. Inapofika mwisho si ya njano tena. Ni nyeupe, laini kama povu, baridi ikigusa ngozi. Huitwa samli iliyooshwa mara mia, na hupakwa penye muwasho na penye kuungua. Kama krimu ya ngozi iliyokauka sina neno nayo. Lakini mtu aliyeungua kweli amwagiwe maji safi yanayotiririka kisha akimbizwe kwa daktari; asipakwe mafuta ya aina yoyote kwanza, yawe ya kale au ya kisasa. Na ile tiba ya kuzungushia jicho ukuta wa unga wa choroko nyeusi kisha kujaza samli ya uvuguvugu ndani, iachwe kwa waliosomea hospitalini. Jicho ni jicho.

Heshima kwa wazee haitufungi kukubali kila kitu, na kuna mawili ninayoyakataa waziwazi. La kwanza ni desturi ya kumlambisha mtoto mchanga samli na asali, pengine na dhahabu iliyosuguliwa, siku anapozaliwa. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto misuli mpaka ashindwe kupumua, na ndiyo maana madaktari wanakataza asali kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Hapo hapana mjadala wa utamaduni. La pili ni samli kuukuu, iliyohifadhiwa miaka 10 na zaidi, iliyosifiwa kwa kifafa na wazimu. Kifafa kina dawa leo, za bei nafuu, na kila siku mtoto anayocheleweshwa akinusishwa kitu kikuukuu ni siku ya kuanguka motoni au kisimani. Ayurveda yenyewe ina onyo kwamba samli na asali kwa uzito sawa huwa sumu. Waliokuwa tayari kuonya hivyo bila maabara, nadhani wangekuwa tayari kusahihishwa na maabara.

Na maabara inasema nini kuhusu samli tupu? Samli ni mafuta kwa zaidi ya asilimia 99. Maji yametoka, protini ya maziwa karibu yote imetoka, lactose, yaani sukari ya maziwa, nayo hivyohivyo, ndiyo maana wengi wanaosumbuliwa na maziwa huivumilia. Haiungui upesi jikoni. Ila zaidi ya nusu ya mafuta yake ni yale ya kuganda, yanayopandisha kolesteroli mbaya katika damu. Kijiko kimoja cha kulia kina kama gramu 14 za samli, na katika hizo kama 8 au 9 ni za aina hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 22 hivi. Vijiko vitatu vya shangazi vilikuwa vimemaliza haki yake ya siku nzima kabla hajanywa chai, na mchana kulikuwa na wali wa nazi.

Watetezi wa samli hupenda kutaja uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu wanaume wa vijijini Rajasthan, jimbo la India, ambapo waliokula samli nyingi walionekana kuwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko wenzao. Sina haja ya kuukana. Nauliza tu: wanaume hao walikuwa nani? Watu wa mashambani, wanaofanya kazi za mikono, wanaokula mikate ya nafaka isiyokobolewa. Na uchunguzi wa namna ile, unaowapima watu kwa wakati mmoja, hauwezi kusema kipi kilileta kipi. Samli ya mtu aliyelima mpaka adhuhuri si samli ya mtu anayeshuka kitandani, anakaa kibarazani, anarudi kitandani. Charaka angekubali haraka. Ndiyo sababu alianza na mtu.

Jambo jingine lisilosemwa ni kwamba samli ilikuwa chakula cha wenye ng'ombe. Inahitajika lita nyingi za maziwa kupata kilo moja. Iliyobaki ikamwagwa kwenye moto wa sadaka wa Kivedi, ikawashwa kwenye taa za mahekalu. Kuna beti maarufu wanazohusishwa nazo wafuasi wa Charvaka, wanafalsafa wa kale wa India waliokana maisha ya baadaye, zinazomshauri mtu aishi kwa raha na anywe samli hata kwa kukopa. Kukopa! Hatukopi kitu kilichojaa kila jiko. Tunapoambiwa "Wahindi wanakunywa", tuulize Wahindi gani. Mkulima maskini wa Bihar wa miaka ya 1800 hakuwa akishusha vijiko vitatu kila asubuhi.

Ni njaa hiyo ya samli kwa wasioimudu iliyofungua mlango wa kitu kibaya kuliko samli yoyote. Mwaka 1937 kiliingia sokoni India Dalda, mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani ili yafanane na samli kwa umbile na punje. Mafuta ya namna hiyo ndiyo yaliyojaza majiko kwa miongo, na kugandishwa kwake ndiko kulikoleta mafuta ya transi, ambayo leo hakuna mtaalamu wa moyo anayeyatetea. India ilishusha kiwango chake kinachoruhusiwa katika mafuta ya kula mpaka asilimia 2 kuanzia Januari 2022. Huku kwetu pia tulilelewa na "samli ya mboga", na wengi wetu tulikua tukidhani ndiyo samli. Hivyo mtu anaposema "bibi yangu alikula samli akaishi miaka 90", ni vyema kwanza kujua ndani ya kopo la bibi kulikuwa na nini.

Udanganyifu wa samli haujaisha. Septemba 2024 India nzima ilitikiswa na tuhuma kwamba samli ya kutengenezea laddu, vile vitamu vya duara, za hekalu la Tirupati, Andhra Pradesh, ilichanganywa na mafuta ya wanyama. Mahakama ya Juu ikaagiza timu maalumu ichunguze. Kama hekalu tajiri kiasi kile linaweza kuingia kwenye shaka, mimi na wewe tunaonunua chupa mtandaoni tuna ulinzi gani? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na samli imesifiwa sana miaka hii.

Nisieleweke kwamba samli ni kitu cha wageni tunachopaswa kukiogopa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, wanaosema samn, na biashara yake ni ya kale kuliko neno. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 kinataja majahazi kutoka India magharibi yakileta ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo katika bandari za Pembe ya Afrika, Somalia ya leo. Miaka 2,000 samli inavuka bahari hii kwa upepo wa kaskazi. Biriani bila samli inakosa roho, na bokoboko lisilomiminiwa samli juu ni uji wa ngano wenye nyama. Mzazi aliye kwenye arobaini yake, amekonda na amechoka, akitiwa kijiko kwenye uji wa pilipili manga, naona ni mkono uleule wa huruma uliowafanya Wahindi wawapikie wazazi wao laddu za samli na tangawizi kavu.

Miezi miwili baada ya Jumamosi ile, shangazi alikwenda kupima, na mafuta katika damu yake yalikuwa yamepanda. Daktari akamuuliza amebadilisha nini. Akaona haya kusema, akasema hakuna. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: mtu aliyeuziwa dawa kwa kujiamini kote kule, mwishowe akaificha kwa daktari wake. Nilikaa naye tena kibarazani, safari hii nikiwa na sura ya 13 kichwani. Nilimsomea orodha yote, wanaofaa na wasiofaa, nikifasiri polepole. Nilipofika kwenye mtu mwenye mwili mzito, unene umemshukia shingoni, alijishika shingo.

"Huyo Charaka alinionea wapi?"

Tulikubaliana. Vijiko vya asubuhi vikasimama. Samli ikahamia jikoni, kijiko kimoja cha chai siku ya biriani, mara chache. Vidonge vinaendelea, na daktari ameshaambiwa ukweli. Kuhusu magoti, aliniuliza Charaka anasemaje. Nikamwambia watu wazito kawapeleka kwenye mafuta ya ufuta, na mpaka leo huko Kerala, kusini mwa India, huyapasha moto wakachua nayo viungo. Hata kama hayaponyi, kuchuliwa kunapunguza maumivu, na hakuna kinachoingia tumboni.

"Ufuta?" akasema. "Huu tunaolima Lindi?"

"Huohuo."

Akanyamaza kidogo, akafungua pindo la khanga, akanipa noti. "Ukipita sokoni niletee. Nusu lita inatosha."